Kijana wa Sendai na Barafu ya Toronto

Wanangu, nitawasimulia habari za Yuzuru Hanyu, mtelezaji wa barafu kutoka Japani aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki mara mbili mfululizo, mwaka 2014 na 2018. Medali hizo mtazisikia kwa wengine. Mimi nataka mjue jambo ambalo watu hulipita haraka: miaka hiyo alikuwa mwanafunzi, tena aliyeishi ugenini, Kanada, huku chuo chake kikiwa Japani. Aliwezaje kushika kitabu bila kuiacha barafu?

Kwanza muujue mchezo wenyewe. Kiatu cha mtelezaji ni buti gumu lililofungwa chuma chembamba chini, unene wake milimita 4 hivi. Upande unaogusa barafu umechimbwa mfereji mdogo urefu wote, kwa hiyo chuma kimoja kina kingo mbili zenye makali, ya ndani na ya nje. Mtelezaji hodari huegemea ukingo mmoja tu, na ndiyo maana huchora mviringo badala ya mstari. Mbele ya chuma kuna meno ya kudonoa barafu wakati wa kuruka. Akiwa hewani huzunguka mara tatu, mabingwa mara nne, kwa muda usiofika sekunde moja, kisha hutua kwa mguu mmoja akirudi kinyumenyume. Yote hayo huku akifuata muziki, na uso usionyeshe taabu.

Ufundi wa namna hiyo mwili huusahau upesi. Mtelezaji akikaa wiki chache bila kukanyaga barafu, miguu humwia mizito na mruko aliouzoea humkataa. Kwa hiyo mwanafunzi anayehamia nchi nyingine huwa na swali linalomuumiza kichwa kabla hata ya kupata chumba: nitatelezea wapi?

Hanyu alilijua swali hilo akiwa bado kwao. Alizaliwa Sendai mwaka 1994, akaanza kuteleza akiwa na miaka minne akimfuata dada yake. Tangu utotoni alikuwa na pumu, na hewa ya ukumbi wa barafu ni ya baridi tena kavu, haimpendezi mwenye kifua cha namna hiyo. Hakuacha. Tarehe 11 Machi 2011, akiwa na miaka 16, alikuwa mazoezini ardhi ilipotetemeka. Alikimbilia nje na viatu vyake vya barafu miguuni. Tetemeko lile na tsunami iliyofuata viliua maelfu ya watu kaskazini mashariki mwa Japani, na ukumbi wake ukafungwa kwa miezi kadhaa. Barafu ya ukumbini haijishikilii yenyewe. Chini yake hupita mabomba yenye kimiminika kilichopozwa chini ya nyuzi sifuri, na mitambo ikisimama, inabaki bwawa la maji.

Basi kijana huyu akajiunga na maonyesho ya barafu yaliyokuwa yakizunguka Japani, takriban 60 katika msimu ule, na kila onyesho akaligeuza kuwa mazoezi. Palipokuwa na barafu, alikwenda. Kwa maoni yangu, safari yake ya ugenini ilianza hapo, kabla hajapanda ndege. Alikuwa amekwisha kujifunza kwamba mazoezi ni ya mtu na si ya jengo. Machi 2012 akashika nafasi ya tatu katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Nice, Ufaransa.

Mwaka huohuo akahamia Toronto, na mama yake akafuatana naye. Huko alimfuata kocha Brian Orser, aliyemfundisha Yuna Kim wa Korea Kusini hadi dhahabu ya Olimpiki ya 2010. Kulikuwa na sababu nyingine, nayo naipenda sana: Javier Fernández wa Hispania alikuwa akifanya mazoezi katika klabu hiyohiyo, na alikuwa anaujua vizuri mmoja wa miruko ya mizunguko minne ambao bado ulikuwa ukimsumbua Hanyu. Alikwenda kukaa karibu na mpinzani wake ili amtazame kila siku. Wote wawili wakaja kuwa mabingwa wa dunia, kwa zamu.

Na mwalimu alimwanzishia wapi? Kwenye kuteleza tu. Orser na mwenzake Tracy Wilson huwasisitizia wachezaji wao mambo ya msingi: kusukuma barafu kwa goti lililokunjwa vizuri, kubadilisha ukingo, kwenda kasi bila kelele. Fikirieni kijana mwenye shaba ya dunia, Kiingereza chake bado kidogo, anarudishwa kwenye somo la kwanza. Alilipokea. Ukiwa huelewi maneno yote ya kocha, macho yako yanapaswa kufanya kazi mara mbili.

Mtelezaji aliye ugenini ana mambo mengine madogo ambayo hayaandikwi kwenye magazeti. Ukumbi wa mashindano ya kimataifa kwa kawaida una urefu wa mita 60 na upana wa mita 30, lakini kumbi nyingi za Amerika Kaskazini zilijengwa kwa ajili ya hoki ya kwao na upana wake ni mita 26 hivi. Ukizoea ukumbi mpana, ukuta utakukuta kabla hujamaliza kujiandaa kuruka, na hesabu ya hatua zako lazima uianze upya. Kuna pia kunoa viatu. Mnoaji akizidisha kina cha mfereji kidogo tu, chuma kinang'ang'ania barafu. Akikipunguza, unateleza hadi pasipotakiwa. Kumpata fundi wa kumwamini katika mji mgeni ni kazi yenyewe.

Sasa masomo. Mwaka 2013 Hanyu aliandikishwa Chuo Kikuu cha Waseda, kitivo cha sayansi za binadamu, katika mpango wa kusoma kwa mtandao. Majira ya joto, Japani huitangulia Toronto kwa saa 13. Saa 2 usiku akiwa amechoka na mazoezi, Tokyo ilikuwa saa 3 asubuhi ya siku inayofuata. Masomo ya mtandaoni yalimruhusu kutoka barafuni na kuingia darasani bila kupanda ndege. Haikuwa rahisi wala haraka: shahada aliipata Septemba 2020, miaka saba baadaye. Wengine watasema alichelewa. Mimi naona alipanga vizuri, kwa sababu miguu ya mtelezaji haisubiri lakini kitabu husubiri.

Katikati ya miaka hiyo, katika Olimpiki ya Sochi mwaka 2014, akawa mtu wa kwanza kuvuka alama 100 katika programu fupi, yaani onyesho la kwanza kati ya mawili ya shindano, kwa alama 101.45. Novemba 2017 aliumia kifundo cha mguu na kukaa wiki nyingi bila barafu. Februari 2018 akarudi na kutwaa dhahabu ya pili. Mwanamume wa mwisho kabla yake kushinda mbili mfululizo alikuwa Dick Button wa Marekani, mwaka 1948 na 1952, naye alikuwa mwanafunzi wa Harvard aliposhinda ya pili.

Lakini sehemu ninayotaka muishike ni mwaka 2020. Korona ilipoenea, Hanyu, kwa sababu ya pumu, hakurudi Toronto. Alibaki Sendai, akifanya mazoezi peke yake usiku, kocha akiwa ng'ambo ya bahari. Alipitia kipindi kizito, na hata miruko aliyoizoea ikamtoroka. Amesimulia kwamba kilichomwinua ni kurudia programu zake za zamani, kuteleza kwa kuipenda tu ile kazi. Desemba mwaka huo alishinda ubingwa wa Japani kwa alama 319.36.

Katika kipindi hichohicho kitabu na barafu vikakutana. Utafiti wake wa kumalizia chuo ulihusu mwendo wa mtelezaji: alijivalisha vihisi mwilini, akateleza, na kompyuta ikageuza viungo vyake kuwa umbo la kupimika. Alitaka kujua kama teknolojia inaweza kuwasaidia majaji. Kijana aliyekosa kocha wa kumtazama alikuwa ameanza kujitazama mwenyewe kwa njia ya kisayansi.

Na katika mazoezi yale ya usiku huko Sendai alikuwa na mruko mmoja akilini: Axel ya mizunguko minne. Axel ndio mruko pekee unaoanza mchezaji akitazama mbele, na kwa kuwa kutua ni kinyumenyume, huongezeka nusu mzunguko. Minne huwa minne na nusu. Wakati huo hakuna aliyekuwa ameuweza mashindanoni. Februari 2022, katika Olimpiki ya Beijing, aliujaribu, akaanguka, akamaliza wa nne, lakini majaji waliuandika kuwa Axel ya minne, mara ya kwanza katika mashindano ya kimataifa. Septemba mwaka huo, Ilia Malinin wa Marekani, akiwa na miaka 17, aliutua huko Lake Placid.