Robo ya Milimita: Jinsi Sarafu Inavyochongwa

Kuna kazi ya mikono ambayo mtu huchukua sarafu ndogo ya zamani na kuipunguza metali kidogo kidogo kwa ncha ya chuma, mpaka picha iliyopigwa kiwandani igeuke kuwa picha nyingine. Ni kazi ya mapenzi zaidi kuliko ya kipato. Hapa tutafuata hatua zake, kisha tupime kama inaweza kuota mizizi Mtwara, na kwa sarafu ipi.

Tuanze na sehemu za uso wa sarafu. Kuna ukingo, yaani duara lililoinuka pembezoni. Kuna mwinuko, yaani picha na maandishi. Na kuna uwanda, yaani sehemu bapa iliyobaki kati ya viwili hivyo. Ukingo ndio ulio juu kuliko vyote, maana kazi yake ni kulinda picha isisagike. Mwinuko wa picha kwa kawaida ni robo ya milimita au pungufu ya hapo. Mchongaji hana kimo kingine cha kuchezea isipokuwa hicho, pamoja na unene mdogo ulio chini ya uwanda.

Swali la kwanza la mwanafunzi huwa hili: nikitaka kumvika mtu wa kwenye sarafu kofia ambayo hakuwa nayo, metali ya kofia nitaitoa wapi? Jibu ni kwamba haitoki popote. Mchongaji huuteremsha uwanda unaoizunguka kofia, na sehemu aliyoiacha hubaki juu. Maji yanapokupwa siku za bamvua katika ghuba ya Mnazi, fungu la mchanga huonekana limeinuka, ilhali kilichotokea ni bahari kushuka. Sarafu hufuata kanuni hiyohiyo, na ndiyo maana hatua ya kwanza si kuchora picha bali ni kuamua nini kitabaki.

Kanuni hii inaeleza kwa nini kazi hii ilishamiri Marekani kwa sarafu moja hasa. Mwaka 1913 nchi hiyo ilitoa senti tano iliyobuniwa na mchongaji James Earle Fraser, yenye kichwa cha mwenyeji wa asili wa Marekani upande mmoja na nyati upande wa pili. Ilipigwa hadi mwaka 1938. Kichwa kile kilijaza karibu uso mzima na kilikuwa na mwinuko mnene kuliko sarafu nyingi za wakati wake, kwa hiyo metali ya kuchonga ilikuwepo tayari. Vibarua waliokuwa wakidandia treni za mizigo kutafuta kazi walikigeuza kichwa hicho kuwa watu wenye ndevu na kofia za duara, wakabadilishana sarafu hizo kwa chakula au mahali pa kulala. Wawili waliokuja kusifika kuliko wengine ni Bertram Wiegand na mwanafunzi wake George Washington Hughes.

Jambo la pili ni ugumu wa metali. Sarafu hupigwa kwa nguvu kubwa kati ya mihuri miwili ya chuma, na kipigo hicho huikaza metali. Senti tano ile ya Marekani ni mchanganyiko wa shaba asilimia 75 na nikeli asilimia 25, metali inayokatika lakini kwa ubishi. Shaba nyekundu na fedha ni laini zaidi. Masonara hulegeza metali iliyokazwa kwa kuichoma hadi iwe nyekundu ya kufifia na kuiacha ipoe. Njia hiyo hufaa, ila huacha uso mweusi unaohitaji kusafishwa kabla ya kuanza.

Kifaa chenyewe ni kipande chembamba cha chuma kigumu, kama kile cha kekee ya kutobolea vyuma, kilichonolewa ncha na kutiwa mpini mfupi wa kukaa kiganjani. Ncha ya pembe tatu huchora mstari. Ncha bapa huteremsha uwanda. Kuna pembe moja inayoamua kila kitu: chini ya ncha hunolewa kisigino kidogo, ili kifaa kikilazwa kiume metali na kutoka tena bila kuzama. Kisigino kikikosekana, ncha huchimba na kukwama. Mkono ukiongeza nguvu, hutoroka na kukwaruza picha nzima. Ajali nyingi za wanaoanza zina chanzo hicho, wala si udhaifu wa mkono. Sarafu nayo hugandishwa kwa lakiri juu ya gogo dogo la mti, gogo likabanwa kwenye jiliwa. Mchongaji hodari huizungusha sarafu ikutane na kifaa, naye mkono wake husogea kidogo sana.

Jambo la tatu, ambalo naliona ndilo zito kuliko yote, ni mwanga. Robo ya milimita haiwezi kubeba kina halisi cha kichwa cha binadamu. Kwa hiyo mchongaji hujenga miteremko: pua huachwa juu kabisa, shavu likaanza kushuka, sikio likashuka zaidi, na kila mteremko huutupa mwanga upande wake. Jicho la mtazamaji huona kivuli na kukisoma kuwa ni kina.

Sasa tuje pwani ya kusini. Uwanda wa juu wa Makonde, kuanzia Newala hadi ng'ambo ya Mto Ruvuma huko Mueda, ni nchi ya wachongaji wanaojulikana duniani kwa mpingo. Kazi yao pia ni ya kupunguza: tezo huanza, patasi na tupa hufuata, msasa humaliza, na kosa la tezo halirudishwi. Anayelea jicho lake katika kazi hiyo tayari anajua kuiona sura ndani ya gogo kabla haijatoka. Lakini kinyago kina pande zote, na kina chake ni cha kweli. Mchongaji wa mpingo akishika sarafu, anachopaswa kujifunza upya ni huo ujanja wa mwanga.

Upande wa metali, jirani wa karibu ni kisiwa cha Ibo, katika visiwa vya Quirimbas vya Msumbiji, kusini mwa mlango wa Ruvuma. Masonara wa Ibo wanajulikana kwa mapambo ya nyuzi nyembamba za fedha, na kwa miaka mingi fedha hiyo ilipatikana kwa kuyeyusha sarafu. Kwao sarafu ni malighafi: sura yake hupotea ndani ya chungu cha moto. Kaskazini, Kilwa ilikuwa na nakshi ya namna nyingine. Sarafu za shaba za masultani wake, kama Ali bin al-Hasan, zilipigwa kwa mihuri iliyochongwa kwa mkono, herufi za Kiarabu zikiandikwa kinyume ili zisomeke sawasawa zikishapigwa, na maneno ya pande mbili yakitiwa vina. Fundi aliyeweza hayo katika nafasi ndogo hivyo alikuwa bingwa, na inasikitisha kwamba majina ya mafundi wale hatunayo.

Sarafu za Kilwa hazipaswi kuguswa hata kidogo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na anayeziokota sarafu hizo ufukweni ameokota mali ya historia. Heleri na rupia za Wajerumani ni za baadaye kidogo, lakini nazo naziweka kando kwa sababu zinazidi kuadimika.

Zinabaki za karne ya 20. Senti tano na kumi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki zina tundu katikati na pembe za ndovu pembeni. Tundu linakula mahali penye picha. Senti hamsini ya bodi hiyo, ile sumni ya simba, ilipigwa kwa shaba na nikeli tangu mwaka 1948, na upana wake ni milimita 21, karibu sawa na senti tano ya Marekani. Sarafu za Tanzania za mwaka 1966 zina wanyama waliochorwa wakubwa: sulisuli kwenye senti tano ya shaba, mbuni kwenye senti ishirini, sungura kwenye senti hamsini. Upande wa pili kuna sura ya Mwalimu Nyerere. Wamarekani walizoea kugeuza kichwa cha sarafu kuwa kichekesho. Hapa sioni sababu ya kuigusa sura ile wakati sungura amejaza uso mzima wa upande wake.

Sarafu mpya zina tatizo la muundo wake. Shilingi mia tano ya mwaka 2014, kwa mfano, ni chuma kilichofunikwa kwa nikeli. Ncha ikipita tabaka la juu inakutana na chuma, na chuma kilichofichuliwa hakidumu katika hewa ya chumvi ya Mikindani au Msimbati. Sumaku ikiivuta sarafu, iache.

Na kuna sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakataza kuyeyusha, kuvunja au kuharibu kwa alama sarafu iliyo halali kwa malipo. Sarafu kutoonekana tena sokoni si sawa na kufutwa. Senti za 1966 hazinunui kitu leo, lakini swali la uhalali wake huulizwa Benki Kuu, ambayo ina tawi Mtwara. Sarafu za Bodi ya Afrika Mashariki hazina utata huo, kwani ziliondolewa katika matumizi mwishoni mwa miaka ya 1960.

Kwa hiyo ningechagua sumni ya simba, iliyosagika kiasi kwamba hakuna mkusanyaji atakayeililia. Mwalimu wa kwanza ningemtafuta miongoni mwa wachonga mpingo, kwa kuwa kuona kitakachobaki ni stadi inayochukua miaka, na wao wanayo. Kunoa kisigino kwaweza kufundishwa na sonara kwa muda mfupi. Kabla ya sarafu, mwanafunzi apewe kipande bapa cha shaba nyekundu achore mistari iliyonyooka, kisha ya mviringo, kisha ateremshe mraba mmoja hadi sakafu yake iwe sawa kila upande. Sakafu ikisawazika, ndipo amguse simba.