MAZIWA YANAYOKATAA SPIRITI

Katika vituo vya kupokelea maziwa hutokea mwanachama akarudishiwa ndoo yake kwa sababu maziwa, yalipochanganywa na spiriti sawa kwa sawa, yalitoa vipande. Papo hapo husemwa kwamba ni maziwa ya jana. Huenda ni kweli; lakini huenda pia yamekamuliwa alfajiri ile ile, na mwenyewe amevunjiwa heshima bure. Katibu apendaye kuamua kwa haki hana budi kuelewa jinsi protini ya maziwa inavyoshikana na kalsiamu, yaani madini ya chokaa.

Yapata asilimia 80 ya protini ya maziwa ya ng'ombe ni kaseini. Nyuzi zake ni legelege, wala hazina umbo la kudumu. Juu yake pana mafungu ya fosfeti yenye umeme hasi, na kwa kuwa umeme wa namna moja husukumana, nyuzi hukaa mbali mbali. Kalsiamu ina umeme chanya. Ikinasa katika fosfeti hizo, msukumano hupungua, nyuzi hujikunyata na kushikamana. Hivyo huundwa chembe ndogo mno zinazoelea, ambazo huchangia sana weupe wa maziwa. Lita moja ina kalsiamu yapata gramu 1.2, na theluthi mbili hivi zimo ndani ya chembe hizo.

Kwa nini basi maziwa yasigande kiweleni? Iko kaseini moja, iitwayo kapa, isiyogandishwa na kalsiamu. Hiyo hukaa juu ya kila chembe mfano wa manyoya, ikizitenga chembe zisigusane. Renneti ya kutengenezea jibini huyanyoa manyoya hayo, kisha kalsiamu iliyo huru husaidia kuzifunga chembe kuwa bonge moja.

Spiriti hainyoi, huyalaza tu. Hapo ndipo wingi wa kalsiamu huru huonekana. Maziwa yakianza kuchacha, asidi huitoa kalsiamu ndani ya chembe na kupunguza ule umeme hasi, na vipande hutokea kabla hata ulimi haujahisi uchachu. Kipimo hakikukosea.

Lakini dang'a ya siku za kwanza baada ya ng'ombe kuzaa, maziwa ya ng'ombe anayekaribia kukauka, na ya mwenye ugonjwa wa kiwele, yote yana chumvi zisizo na uwiano wa kawaida. Nayo huweza kutoa vipande bila ya kuchacha. Kiwanda hakiwezi kuyapokea, kwani hayastahimili moto mkali. Hata hivyo, mwenye ng'ombe hakudanganya mtu. Kabla ya kuandika neno "yamechacha" katika daftari la mapokezi, yafaa mpokeaji aulize ng'ombe alizaa lini na kiwele chake kikoje, apime uchachu ikiwa kituo kina kifaa, na kama sababu haijulikani aandike tu kwamba maziwa hayakustahimili spiriti.