Kufunga Kozi ya Mtandaoni: Kitenzi Kimoja, Matendo Manne

Miongoni mwa maneno ambayo watumishi wa vyuo na wafasiri wao huyaandika bila kuyapima ni kitenzi "kufunga". Mwisho wa muhula unapowadia, mwanafunzi asomaye kwa njia ya mtandao hupata tangazo la maneno machache: "Kozi itafungwa Ijumaa saa sita usiku." Sarufi ya tangazo hilo haina kasoro. Hata hivyo, halimwambii msomaji ni kitu gani kitakachofungwa, wala halimwambii ni usiku upi. Katika makala haya tutajaribu kuyaeleza matatizo hayo mawili na kupendekeza namna ya kuyaepuka.

Kitenzi "kufunga" kina historia ndefu katika shughuli zetu. Twafunga mkutano, twafunga hesabu za mwaka, twafunga duka jioni. Katika elimu kina maana mahususi zaidi: shule zikifungwa, kila mtu aelewa kwamba zitafunguliwa. Kwa hiyo kufunga kwa shule ni ahadi ya kufungua, na mtoto aachaye daftari lake ndani ya deski hutumaini kulikuta baada ya likizo. Mwanafunzi wa chuo aliyelelewa na matumizi hayo huyachukua hadi mtandaoni. Aambiwapo kwamba kozi itafungwa, haharakishi kuchukua insha zake na masahihisho ya mhadhiri, kwa kuwa kwake yeye mlango uliofungwa ni mlango utakaofunguliwa.

Mambo sivyo yalivyo. Kozi inayoendeshwa kwa kompyuta hufungwa kwa hatua. Tuchukue mfano wa Moodle, programu ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002, na ambayo hutumiwa na vyuo vingi duniani, kikiwamo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Kwanza hufika saa ambayo kazi za wanafunzi hazipokelewi tena. Baada ya hapo wahadhiri husahihisha, na vikao vya chuo huidhinisha matokeo. Hatua hii haifanyiki ndani ya kompyuta, lakini ndiyo inayoyapa matokeo nguvu. Kisha msimamizi aweza kuificha kozi: mihadhara, majibu na masahihisho yote yangalipo, ila mwanafunzi hayaoni. Mwishowe, kozi ileile inapoandaliwa kwa ajili ya kundi jipya, msimamizi aweza kuagiza kazi na alama za wanafunzi waliopita ziondolewe, zibaki mada na mazoezi tu. Kuficha hutenguliwa kwa dakika moja. Kuondoa hakutenguki, isipokuwa kama nakala rudufu ilitangulia kuchukuliwa.

Matendo haya manne huitwa "kufunga" bila kubagua. Anayetaka kukata rufaa juu ya alama zake, au kujiandaa kwa mtihani wa marudio, hana budi kujua kazi yake imefichwa au imeondolewa, kwani katika hali ya kwanza ataandika ombi, na katika hali ya pili ombi halitamfaa kitu.

Tunapendekeza basi "kufunga" kibakie kwa tendo la kwanza peke yake, tena kitajiwe kinachofungwa: "kufunga upokeaji wa kazi". Tendo la pili lina jina lake tayari, "kuidhinisha matokeo". La tatu liitwe "kuficha kozi", hata kama neno hili laonekana kuwa la kawaida mno kwa baadhi ya wakuu wa idara. Ukawaida wake ndio sifa yake. Kuhusu tendo la nne, kwenye simu na kompyuta limeenea tamko "kuweka upya". Tamko hili ni zuri kwa mwenye simu anayeirudisha katika hali yake ya awali, lakini kwa mwanafunzi lapotosha, maana "upya" humletea fikira ya kukarabatiwa, hali kinachotokea ni kupotea kwa kumbukumbu zake. Heri iandikwe wazi: "kuondoa kumbukumbu za wanafunzi". Ni maneno marefu, lakini hayana mtego.

Vitenzi vinavyomhusu mwanafunzi mwenyewe navyo huchanganywa. "Kumaliza kozi" ni kufika mwisho wake, kwa kufaulu au kwa kutofaulu. "Kukamilisha" ni kutimiza kila sehemu iliyotakiwa. "Kuhitimu", neno lenye undugu na hitima ya msahafu, ni la mtu aliyemaliza masomo yake yote, wala halifai kwa kozi moja. Lakini penye uzito zaidi ni pale mwanafunzi anapobakiza kazi kwa sababu iliyokubaliwa na chuo. Hapa Kiswahili kina chombo ambacho lugha nyingi hazina. "Hakukamilisha" ni hukumu iliyokwisha kutolewa. "Hajakamilisha" yasema kwamba nafasi ingalipo. Kiambishi kimoja chatenganisha aliyeshindwa na anayesubiriwa, na mfasiri anayeandika "hakukamilisha" katika orodha ya matokeo humfungia mwanafunzi mlango ambao chuo hakikuufunga.

Tugeukie sasa suala la saa, ambalo kwa maoni yetu limewadhuru wanafunzi wengi kuliko yote yaliyotangulia. Kompyuta huandika 23:59, nasi hatuna budi kuandika saa 5:59 usiku. Wako waandishi wanaoichukua saa ya Kiingereza kama ilivyo wakaandika "saa 11:59". Msomaji wa Kiswahili akisoma hivyo atafikiria karibu na magharibi, au karibu na mapambazuko.

Hata aliyegeuza saa barabara hajasalimika. Ijumaa saa 00:00 kwa kompyuta ni mwanzo wa Ijumaa. Kwa desturi ya zamani ya pwani, ambayo huianza siku kwa kuchwa kwa jua, usiku wa Ijumaa nao hutangulia mchana wa Ijumaa, na kwa hiyo mzee wa Lamu au wa Unguja angeafikiana na kompyuta bila taabu. Lakini wengi wetu leo, hasa mijini, tusemapo "Ijumaa usiku" twakusudia usiku unaoufuata mchana wa Ijumaa. Mwanafunzi wa namna hii atashinda Ijumaa nzima akiandika insha ambayo upokeaji wake ulifungwa takriban saa ishirini na nne kabla. Dawa tunayo katika lugha yenyewe: "usiku wa kuamkia Ijumaa". Fungu hili la maneno halina maana mbili popote Kiswahili kinaposemwa. Ni ajabu kwamba redio na magazeti hulitumia kila siku katika habari za ajali na mvua, na ofisi za vyuo hulisahau.

Iongezwe pia kwamba kozi ya mtandaoni haina mipaka ya nchi. Aliyeko Lubumbashi yuko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja, na aliyeko Muscat yuko mbele kwa saa moja.

Neno "muhula" lenyewe tumeliacha kwa makusudi, ingawa Kenya mwaka wa shule una mihula mitatu na vyuo vyetu vingi vina miwili. Maadamu tarehe imetajwa, halileti madhara.

Tangazo tulilolinukuu mwanzoni laweza basi kuandikwa hivi: "Upokeaji wa kazi utafungwa saa 5:59 usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa saa za Afrika Mashariki. Matokeo yatatangazwa baada ya kuidhinishwa. Kozi itafichwa siku thelathini baada ya hapo, na kumbukumbu za wanafunzi zitaondolewa kabla ya muhula ujao kuanza. Kila mwanafunzi achukue nakala ya kazi zake mapema."