Vitabu viwili vya vita vya kusoma mu nyumba

Bandugu bachimba migodi, ba mama na batoto bakubwa, leo tunawaletea vitabu viwili. Hadithi zao ni za kutungwa, lakini vita yenye iko ndani ni ya kweli: ile ya 1914 mpaka 1918.

Cha kwanza ni «Frère d'âme» cha David Diop, kilitoka 2018. Alfa na Mademba, vijana ba Senegal, banapigana kule Ufaransa chini ya bendera ya Bafaransa. Mademba anapasuliwa tumbo, anamuomba rafiki yake mara tatu amumalize. Alfa anakataa, kisha akili yake inaanza kuharibika. Mwanzo benzake banamusifu kwa ukali wake, nyuma banamuogopa. Kitabu ni kifupi, lakini kina damu mingi: batoto badogo basipewe.

Cha pili ni «Les Vies d'après» cha Abdulrazak Gurnah, mutoto wa Zanzibar, alipata Nobel mu 2021. Hamza anaingia kwa mapenzi yake mu jeshi la Bajerumani. Anarudi na kidonda cha maisha, anatafuta kazi na pa kulala. Afiya naye anangojea kaka yake Ilyas, juu yeye pia alijitolea kuwa soda.

Vita ile ilitugusa sisi pia. Basoda ba Force Publique balitoka Kongo, bakaingia Tabora mu Septemba 1916. Nyuma yao kulikuwa bapagazi, babeba chakula na risasi. Mingi kati yao balikufa kwa njaa, uchovu na magonjwa, bila kushika bunduki. Majina ya bakubwa yaliandikwa. Ya bapagazi, mengi hayakuandikwa.

Sisi ba sendika tunauliza: nani alibatuma, nani alipata faida, nani alitunza bajane? Ni maswali yale yale tunauliza wakati shimo linaangukia batu. Leo vita iko tena mu Mashariki ya nchi yetu, na kijana asiye na kazi anaona nguo ya soda kama mushahara. Kulinda nchi si vibaya. Lakini asome kwanza, ajue bei.

Batu kumi bachange, banunue kitabu kimoja. Mwenye kujua Kifaransa asome kwa sauti, ageuze mu Kiswahili, na mama asikie, na muzee asikie. Pengine muzee atakumbuka jina la babu mumoja mwenye alibeba mizigo mpaka Tabora. Mukamate kalamu, muliandike.