Jina la Nani Liandikwe?

Vikundi vingi huuliza: kwa nini hati ya shamba lililolimwa na ukoo mzima ina jina la mtu mmoja tu? Jambo hili halikuanza jana. Turudi nyuma kidogo.

Mwaka wa 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari kwa sababu ya Mau Mau. Wakubwa wa serikali ya kikoloni waliona kwamba bunduki peke yake haitanyamazisha kilio cha ardhi. Sasa wafanye nini? Kurudisha mashamba waliyopewa masetla hawakutaka. Kuwaacha watu wabanane katika rizavu bila mapato ilikuwa hatari. Basi wakachagua njia nyingine: watu wabaki palepale, lakini wabadilishe ukulima.

Mpango huo ulitolewa mwaka wa 1954 na Roger Swynnerton wa Idara ya Kilimo, na Uingereza ikatoa pauni milioni 5. Vipande vilivyotawanyika viunganishwe, shamba lipimwe, mwenyewe apewe hati. Waafrika wengi zaidi waruhusiwe kupanda kahawa, chai na pareto, na kufuga ng'ombe wa gredi. Tusidanganyane, faida ilikuwako. Kahawa ilijenga nyumba na kusomesha watoto wengi.

Lakini ni nani hakuwako siku ya kupima? Katika Mkoa wa Kati maelfu walikuwa kizuizini. Wengine walikuwa wamefungiwa katika vijiji vyenye walinzi. Waliosikilizwa sana ni wale waliosimama na serikali. Huko Murang'a malalamiko yalizidi mpaka kazi ikabidi irudiwe. Ahoi, yaani wale waliolima kwa ruhusa ya wenye ardhi, wengi walibaki mikono mitupu. Na akina mama wenye kushika jembe kila siku? Mara nyingi jina lililoandikwa ni la baba peke yake. Swynnerton mwenyewe aliona kwamba wengine watapata ardhi na wengine watakosa, akahesabu hayo kuwa maendeleo ya kawaida.

Halafu sheria ikafunga mlango. Kwa sheria ya 1963, korti haikuweza kusahihisha uandikishaji wa kwanza hata kama ulipatikana kwa hila. Sheria hiyo ilifutwa mwaka wa 2012, na Katiba ya 2010 inakataa ubaguzi wa wanawake katika mambo ya ardhi. Lakini kalamu iliyoandika zamani bado inawaliza watu mpaka leo.

Kwa hivyo mradi wowote ukiletwa kijijini, uwe wa maji, barabara au kupima ardhi, tusiulize tu utaleta pesa ngapi. Zungumzeni katika kikundi:

1. Ni nani hayuko hapa tunapokata shauri?
2. Ni nani analima lakini jina lake halimo?
3. Tukikosea leo, kuna njia ya kusahihisha kesho?