Mtafiti akiondoka na nge wa kijijini kwenu, habari zake huishia wapi?

Ukiona watu wanazunguka porini usiku na taa ya mwanga wa zambarau, kama zile za kukagulia noti bandia dukani, usikimbilie kusema ni wachawi. Huenda wanatafuta nge. Mwili wa nge ukipigwa na mwanga huo hung'aa kijani, na hata aliyejibanza kwenye ufa wa jiwe huonekana.

Wasikilizaji wetu, kuanzia Laela hadi Muze na Ilemba kule bondeni, wanamjua nge kwa mwiba wake. Leo tunaeleza kinachofuata baada ya mtafiti kumtia kwenye chupa.

Nge huhifadhiwa kwenye spiriti pamoja na kikaratasi kinachotaja mahali alipopatikana, tarehe na aliyemkamata. Kikaratasi kikipotea, nge huyo hana faida kubwa tena. Kwetu hili ni rahisi kulielewa: Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, na Ziwa Rukwa liko chini yake kwa karibu mita 1,000. Aliyeandika "Rukwa" tu hajasema kama nge alitoka kwenye baridi ya Ufipa au kwenye joto la bonde.

Baadaye nge hulinganishwa na wenzake waliohifadhiwa kwenye makumbusho. Mtafiti huandika maelezo, hupiga picha na kupeleka kazi yake kwenye jarida la kisayansi. Mhariri naye huwapa wataalamu wengine waikague, na wakiona kasoro huirudisha. Kama nge ni wa aina mpya, jina lake halitambuliki mpaka lichapishwe, na lazima nge mmoja atajwe kuwa kielelezo cha jina hilo. Zamani kuweka kwenye intaneti peke yake hakukutosha. Jarida la Euscorpius, lililoanzishwa Marekani mwaka 2001 kwa ajili ya nge tu, lilitoka mtandaoni lakini likalazimika kupeleka nakala za CD kwenye maktaba. Utaratibu ulilegezwa mwaka 2012.

Mfano wa karibu nasi ni wa mwaka 2016. Lorenzo Prendini wa makumbusho ya historia ya viumbe ya New York alichapisha uchunguzi kuhusu nge wakubwa wa Afrika Mashariki wanaoitwa Pandinoides. Mmoja wao alikwisha kupewa jina mwaka 1888 jijini London, na mwingine alipata jina kwa mara ya kwanza katika chapisho hilo. Mwenye intaneti anaweza kulisoma bure.

Sasa haya yana faida gani kwa mama ambaye mtoto wake ameumwa usiku? Dawa ya kuzuia sumu hutengenezwa kwa sumu ya nge fulani. Ile ya Afrika Kusini hutokana na nge wa jamii ya Parabuthus, na dawa ya aina moja huenda isimsaidie aliyeumwa na nge wa aina nyingine. Ili tabibu apate pa kuanzia, lazima ijulikane ni nge gani wanaishi wapi. Daftari lililobaki kabatini kwa mtafiti halimsaidii.

Tatizo ni kwamba hata kilichochapishwa mara nyingi kiko kwa Kiingereza. Kwa hiyo ulizeni. Mtafiti wa kigeni anatakiwa kuwa na kibali cha COSTECH, na akifika ofisi ya kijiji mna haki ya kujua atachapisha wapi. Mwombeni alete nakala na muhtasari wa Kiswahili kwa zahanati. Sisi hatuoni kama huko ni kumsumbua.

Na ukiumwa leo? Osha kwa maji na sabuni. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Nenda zahanati, na mtoto asisubiri hata kidogo. Kama nge bado yupo, mpige picha kwa simu ukiwa mbali, magando na mkia vyote vionekane. Kwa kawaida mwenye magando membamba na mkia mnene ndiye wa hatari zaidi, lakini usikae nyumbani kwa sababu tu aliyekuuma ana magando manene. Picha hiyo mwonyeshe mhudumu.