Umevunjwa jiwe la figo? Ichunguze ngozi yako

"Daktari, kwani wamenichoma?" Ndivyo alivyoniuliza mzee mmoja wa Garsen, akanifunulia ubavu wake. Ngozi ilikuwa nyekundu, yenye vidoa vya damu. Siku mbili kabla, jiwe lake la figo lilivunjwa Mombasa kwa mawimbi ya mshtuko.

La, hakuchomwa. Mashine hiyo, iliyotumiwa kwa mgonjwa mara ya kwanza mjini Munich, Ujerumani, mwaka 1980, hupitisha mawimbi kwenye ngozi bila kisu, hadi jiwe livunjike na vipande vitoke kwa mkojo. Njiani mawimbi hayo huweza kupasua vijishipa vya damu. Damu huvilia chini ya ngozi, kisha kwa kawaida hufifia yenyewe baada ya siku kadhaa. Usipakande wala usipachanje.

Lakini Garsen hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 200, na Mto Tana ukifurika, barabara huweza kukatika. Basi zijue dalili za hatari kabla ya kupanda gari: weusi unaozidi kupanuka, maumivu makali ya ubavu, kizunguzungu, homa, au mkojo kukataa kutoka. Huenda damu inavuja kandokando ya figo, au kipande kimeziba njia. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na kabla ya matibabu, mweleze daktari kama una mimba, shinikizo la damu, au unatumia aspirini na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe.